Tarakimu Moja Chini ya Hati: Safari ya Kurudi Katika Majeshi ya Marekani

Kila askari anayeondoka katika majeshi ya Marekani, awe amemaliza mkataba wake au ameondolewa kabla ya wakati, hukabidhiwa hati iitwayo Fomu DD 214, ambayo ilianza kutumika mwaka 1950 na ambayo hufupisha maisha yake yote ya kijeshi: tarehe za kuingia na kutoka, cheo, mafunzo, nishani, na hata siku zilizopotea kwa utoro au kifungo. Sehemu ya chini ya hati hiyo ndiyo inayoamua mengi. Kisanduku namba 24 hutaja hadhi ya utumishi wake, namba 26 huwa na msimbo wa herufi unaowakilisha sababu ya kuondoka, namba 28 huieleza sababu hiyo kwa maneno machache, na katikati yao, katika kisanduku namba 27, huandikwa tarakimu moja, pengine ikifuatwa na herufi, ambayo hujibu swali moja tu: mtu huyu akibisha hodi tena, apokewe au asipokewe? Tarakimu hiyo ndiyo msimbo wa kurejea, nayo huweza kumfungia mlango mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa wala kuhukumiwa kwa kosa lolote.

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni kudhani kuwa msimbo huu na hadhi ya utumishi ni kitu kimoja. Hadhi ziko tano kwa mpangilio wa kushuka: kuachishwa kwa heshima, kuachishwa kwa kawaida, ambako utumishi huhesabiwa kuwa wa kuridhisha ingawa una dosari, kuachishwa katika hali isiyo ya heshima, ambayo ndiyo hatua kali kuliko zote ambayo kamanda anaweza kuifikia kwa njia ya kiutawala bila kumfikisha mtu mahakamani, na mbili za mwisho, yaani kuachishwa kwa mwenendo mbaya na kuachishwa kwa fedheha, ambazo hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake. Nje ya ngazi hizo wako wale walioondolewa katika miezi ya mwanzo ya utumishi, ambao kwa kawaida hawapewi hadhi yoyote kwa hoja kwamba muda wao haukutosha kupimwa. Hadhi huangalia nyuma na kueleza jinsi mtu alivyotumika, hali msimbo huangalia mbele na kumshauri mlinzi wa mlango. Kwa hiyo inawezekana kabisa, na hutokea mara kwa mara, kwamba mtu anaachishwa kwa heshima, anarudi nyumbani akiwa na cheti cha kutundika ukutani, na miaka mitatu baadaye anagundua mbele ya ofisa uandikishaji kwamba kisanduku namba 27 kina tarakimu 4.

Katika Jeshi la Nchi Kavu maana za tarakimu hizo ni rahisi kuzishika. Mwenye 1 anastahili kurudi akitimiza masharti ya kawaida. Mwenye 3 hastahili, lakini kizuizi chake kinaweza kuondolewa kwa kibali maalumu. Mwenye 4 hastahili, na kizuizi chake hakiondolewi kwa kibali. Majeshi mengine yana mitindo yao. Jeshi la Anga lina familia nzima ya misimbo inayoanza na 2, ambamo msimbo 2B humwangukia aliyeondolewa kwa hadhi iliyo chini ya heshima kamili, na 2C humwangukia aliyeondolewa bila hiari yake ingawa kwa heshima. Jeshi la Wanamaji na Kikosi cha Marine hutumia tarakimu 3 pamoja na herufi zinazotaja kasoro yenyewe, na tarakimu 4 huko humaanisha kwamba mhusika hakupendekezwa kurudi. Kwa sababu hiyo ushauri wa rafiki aliyetoka jeshi jingine, hata ukiwa wa nia njema, mara nyingi humpotosha mwombaji, kwa kuwa tarakimu ileile haina uzito uleule kila mahali.

Linalostahili kueleweka zaidi ni namna msimbo unavyozaliwa. Katika Jeshi la Nchi Kavu tarakimu ya kurejea hufuata sababu ya kuondoka kwa kutumia jedwali maalumu: sababu fulani huzaa msimbo fulani wa herufi, na msimbo huo wa herufi huzaa tarakimu yake. Karani anayejaza hati hachagui kwa huruma wala kwa chuki, anasoma jedwali. Matokeo yake ni kwamba mtu anayelalamika juu ya tarakimu pekee hulalamikia tawi na kuacha shina, maana sababu iliyoandikwa katika kisanduku namba 28 ikibaki ilivyo, tarakimu nayo haina pa kwenda. Katika Jeshi la Wanamaji na Kikosi cha Marine mapendekezo ya kamanda huwa na sauti kubwa zaidi, jambo ambalo huongeza nafasi ya kuonewa lakini pia huongeza nafasi ya kuonyesha kwamba uonevu ulifanyika.

Mtu anayetaka kurudi ana njia mbili, nazo zinatofautiana kwa asili, kwa lugha na hata kwa watu wanaoziamua. Njia ya kwanza ni kuomba kibali, ambapo mwombaji anakubali kwamba kilichoandikwa ni sahihi na anaomba kisihesabiwe dhidi yake. Njia ya pili ni kuomba marekebisho, ambapo mwombaji anadai kwamba kilichoandikwa ni kosa au ni dhuluma na kwamba kinapaswa kufutwa. Wengi hupoteza miaka kwa kuchanganya njia hizi: hupeleka toba kwa bodi inayotaka ushahidi wa kosa, au hupeleka malalamiko kwa ofisa uandikishaji ambaye hana mamlaka ya kusahihisha chochote na ambaye kazi yake ni kutafuta makuruta.

Kibali huanzia katika ofisi ya uandikishaji ya mtaani. Mwombaji mwenye tarakimu 3 hupeleka nakala ndefu ya hati yake, kwa kuwa hati hiyo hutolewa kwa nakala fupi isiyoonyesha hadhi, sababu wala msimbo, na nakala ndefu inayoonyesha yote. Nakala fupi humsaidia mbele ya mwajiri asiyepaswa kujua mengi, lakini jeshini haikubaliki. Huambatanisha rekodi za polisi na mahakama, barua za waajiri, vyeti vya masomo, na maelezo ya maandishi kuhusu kilichotokea na kilichobadilika tangu wakati huo. Faili hupanda ngazi za kamandi ya uandikishaji hadi kwa mwenye mamlaka ya kuamua, na jibu likiwa hapana, hakuna mahakama ya kukatia rufaa, kwa sababu kibali si haki bali ni fadhila. Kikwazo kingine, ambacho hakiandikwi katika kanuni yoyote, ni kwamba ofisa uandikishaji ana idadi ya makuruta anayopaswa kuifikisha kila mwezi, na kijana wa miaka 18 asiye na historia humgharimu kazi ndogo kuliko askari wa zamani mwenye faili nene. Anayejibiwa kwa baridi na ofisi moja mara nyingi hajakataliwa na jeshi. Amekutana na mtu mwenye haraka.

Fadhila hiyo hupanda na kushuka kwa njaa ya jeshi. Vita vya Iraki vilipopamba moto, vibali vya kila aina viliongezeka kwa kasi kwa sababu watu walihitajika. Vita vilipopungua na bajeti kukatwa, mlango wa waliowahi kutumika ulibanwa hata kwa wenye misimbo safi. Mwaka wa fedha 2022 Jeshi la Nchi Kavu lilikusudia kuandikisha watu 60,000 likapungukiwa na takriban 15,000, na tangu hapo lugha ya ofisi za uandikishaji ikalainika tena. Kwa hiyo mwombaji yuleyule, mwenye faili lilelile, anaweza kukataliwa mwaka mmoja na kukaribishwa miaka michache baadaye bila yeye kubadilika hata kidogo. Hapa ndipo dai la mfumo huu kwamba unapima tabia ya mtu linapopwaya, kwani kwa sehemu kubwa unapima upungufu wa watu kambini.

Njia ya marekebisho ina historia ndefu na yenye uchungu, na asiyeijua historia hiyo hawezi kuelewa kwa nini bodi zipo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906 risasi zilipigwa katika mji wa Brownsville, Texas, karibu na Kambi ya Brown, ambako askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu walikuwa wamewasili wiki chache tu kabla; mhudumu wa baa aliuawa na afisa wa polisi akajeruhiwa. Maofisa wazungu wa kikosi walieleza kwamba askari wao walikuwa kambini, na hakuna askari aliyefikishwa mahakamani wala kukiri. Kutokukiri huko ndiko kulikogeuzwa kuwa hatia: ilidaiwa kwamba walikula njama ya kunyamaza, na Rais Theodore Roosevelt akaamuru askari 167 waondolewe bila heshima, wasiruhusiwe kurudi jeshini na wasiajiriwe katika utumishi wa serikali. Baadhi yao walikuwa na miaka mingi ya utumishi na walikaribia pensheni. Amri hiyo ilitangazwa Novemba, mara tu baada ya uchaguzi wa Bunge, wakati ambao watu weusi waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa wamekwisha kupiga.

Seneta Joseph Foraker wa Ohio aliwatetea kwa miaka kadhaa hadi likaundwa jopo la maofisa wastaafu kuchunguza upya, nalo mwaka 1910 likawaruhusu watu 14 peke yao kurudi jeshini, bila kueleza kwa ukamilifu kwa nini hao na si wengine. Ilibidi ipite zaidi ya nusu karne, na kitabu cha mwandishi John Weaver kilichotoka mwaka 1970, kabla ya Jeshi la Nchi Kavu kubadilisha hadhi za wote kuwa za heshima mwaka 1972. Wakati huo aliyekuwa hai kati ya wale waliozuiwa kurudi alikuwa Dorsie Willis, ambaye kwa miongo mingi aling'arisha viatu katika duka moja la kinyozi mjini Minneapolis. Bunge lilimwidhinishia dola 25,000. Hakuna mtu aliyependekeza arudi kambini; alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia dhuluma ilichukua sura ya karatasi ya buluu, yaani hati ya kuachishwa iliyochapishwa kwenye karatasi ya rangi hiyo, ambayo haikuwa ya heshima wala ya fedheha na ambayo ilitolewa bila mahakama. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 Jeshi la Nchi Kavu lilitoa hati 48,603 za aina hiyo, na 10,806 kati yake, sawa na zaidi ya asilimia 22, zilikwenda kwa askari weusi, ingawa sehemu yao katika jeshi ilikuwa ndogo mno kulinganisha na hiyo. Wengine wengi waliopewa walikuwa watu walioshukiwa kuwa mashoga. Gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni kali dhidi ya hati hizo, kamati ya Bunge ikazikemea mwaka 1946, na mwaka 1947 zikafutwa. Baada yake kilikuja kipindi ambacho sababu za kuondolewa ziliandikwa kwa namba za siri ambazo askari mwenyewe hakufafanuliwa maana yake, ilhali waajiri kadhaa walikuwa na orodha ya kuzitafsiri. Wizara ya Ulinzi iliacha kuzichapisha kwenye nakala za kawaida mwaka 1974.

Bodi zilizopo leo zilichipuka katikati ya mambo hayo. Sheria ya mwaka 1944 iliyowapa askari waliorudi kutoka vitani elimu na mikopo ndiyo iliyoanzisha Bodi za Mapitio, zinazochunguza upya hadhi na sababu ya kuondoka. Miaka miwili baadaye Bunge, lililokuwa limechoshwa na kupitisha sheria ndogo ndogo kwa ajili ya mtu mmoja mmoja aliyeonewa, lilijikataza kazi hiyo na kuwapa makatibu wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu kupitia bodi za raia, ambazo zimekuja kuitwa Bodi za Marekebisho ya Kumbukumbu za Kijeshi.

Bodi ya Mapitio huombwa kwa Fomu DD 293, ndani ya miaka 15 tangu kuondoka, na mwombaji anaweza kutaka kusikilizwa ana kwa ana. Haiwezi kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, na katika Jeshi la Wanamaji na Kikosi cha Marine haina mamlaka ya kubadili msimbo wa kurejea, wala haimwinui mtu hadhi kwa sababu tu anataka kujiandikisha tena. Bodi ya Marekebisho, inayoombwa kwa Fomu DD 149, ndiyo yenye mkono mrefu: inaweza kubadilisha hadhi, sababu, msimbo, cheo na hata kuamuru malipo yaliyokatwa. Muda wake ni miaka mitatu tangu mwombaji alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo, na kwa vitendo husamehe mara nyingi. Bodi zote mbili hazitozi ada. Sheria inazitaka Bodi za Marekebisho zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na yote ndani ya miezi 18.

Uzito ni katika ushahidi. Bodi huanza na dhana kwamba jeshi lilitenda kwa mujibu wa taratibu zake, na ni juu ya mwombaji kuonyesha vinginevyo. Kusema kwamba kamanda alikuwa na chuki hakutoshi. Kinachotakiwa ni barua, ripoti za tathmini, maelezo ya mashahidi walioapa, kumbukumbu za hospitali, au kanuni iliyotakiwa kufuatwa na isifuatwe, kwa mfano pale askari aliyetakiwa kupewa onyo la maandishi na muda wa kujirekebisha alipoondolewa bila kupewa lolote kati ya hayo. Faili zenyewe huombwa kutoka kituo cha kumbukumbu cha taifa kilichoko St. Louis, Missouri, ambako moto wa Julai 1973 uliteketeza faili kati ya milioni 16 na milioni 18, nyingi za Jeshi la Nchi Kavu na za Jeshi la Anga za miongo ya kabla ya 1964. Wazee walioathirika na moto huo hulazimika kujenga upya maisha yao ya kijeshi kwa vipande vya hati za mishahara na barua za nyumbani. Ni vyema pia kuuzika hapa uvumi mkongwe, ambao maofisa wengine wenyewe wamekuwa wakiwaambia vijana siku ya kuwaondoa ili watie saini bila kelele, kwamba hadhi mbaya hujipandisha yenyewe baada ya miezi sita. Haijipandishi. Haikuwahi kujipandisha.

Kuanzia mwaka 2014 Wizara ya Ulinzi imetoa waraka baada ya waraka, hasa ule wa 2014, wa 2016 na wa 2017, ikizitaka bodi ziyaangalie kwa moyo mpana maombi ya watu ambao makosa yao yalitokana na msongo wa baada ya kiwewe, jeraha la ubongo, ugonjwa mwingine wa akili au unyanyasaji wa kingono. Msongo wa baada ya kiwewe, yaani hali ambapo mtu aliyepitia tukio la kutisha huendelea kuliishi katika ndoto, hofu na hasira, uliingizwa katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya Saigon kuanguka; maana yake ni kwamba maelfu ya askari wa Vietnam waliondolewa kwa utoro na ulevi wakati ambapo hata daktari hakuwa na jina la kuuita ugonjwa wao. Waraka mwingine wa mwaka 2018 uliongeza kwamba bodi zinaweza pia kufikiria rehema na maisha ya mtu baada ya kutoka jeshini.

Lakini kwa anayetaka kurudi kazini, fadhila hii ina mtego. Ushahidi unaomwinua mbele ya bodi, yaani ripoti ya daktari inayothibitisha kwamba akili yake ilijeruhiwa na kwamba jeraha hilo ndilo lililomfanya atende alivyotenda, ndio huohuo unaomwangusha mbele ya madaktari wa kituo cha uandikishaji, kwa kuwa viwango vya afya vya kuingia jeshini vinaihesabu historia ya msongo wa namna hiyo kuwa sababu ya kukataliwa. Bodi zenyewe zinalijua hilo, na si ajabu kukuta uamuzi unaopandisha hadhi hadi heshima kamili, unaobadilisha sababu, kisha unaoiacha tarakimu ya kurejea ilivyokuwa. Kwa mzee wa Vietnam anayetafuta matibabu na mazishi ya kijeshi, uamuzi huo ni ushindi mkubwa. Kwa mtu wa miaka 27 anayetaka kuvaa sare tena, ni mlango uliopakwa rangi mpya na kubaki umefungwa. Mwanasheria mwaminifu humwuliza mteja wake mapema ni kipi anachokitaka zaidi kati ya heshima na kazi, kwa sababu hoja ya moja huweza kuiua hoja ya nyingine.

Hoja zilizofanikiwa kwa wengi si zile zilizojengwa na mtu mmoja mmoja, bali zile ambazo sera yenyewe ilibadilika. Sajenti Perry Watkins, aliyeitwa jeshini katika miaka ya 1960 na kusema tangu mwanzo kwamba alikuwa shoga, aliruhusiwa kurudia mkataba mara kadhaa kabla ya kuondolewa mwaka 1984. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ilisema kwamba jeshi lililojua ukweli na kumkubali kwa miaka yote hiyo haliwezi kuutumia ukweli huohuo kumkataa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ikakataa kulisikiliza shauri. Hata hivyo Watkins alichagua malipo, hadhi ya heshima na kupandishwa cheo badala ya kurudi kambini. Ushindi wake ulikuwa wa mtu mmoja. Sera iliyowazuia mashoga kutumika kwa uwazi ilipofutwa rasmi tarehe 20 Septemba 2011, waraka wa siku hiyo ulizielekeza bodi ziwape waliokuwa wameondolewa kwa sababu hiyo peke yake, bila makosa mengine, sababu mpya isiyotaja lolote na msimbo wa kuruhusiwa kurudi mara moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa zaidi ya watu 8,000 walioondolewa kwa kukataa chanjo ya UVIKO-19 baada ya amri ya Agosti 2021: amri hiyo ilifutwa Januari 2023, na tarehe 27 Januari 2025 Rais Donald Trump aliagiza wanaotaka warudishwe kwa cheo chao cha zamani pamoja na malipo ya nyuma. Walioondolewa mwaka 2022 kwa utoro wa siku tatu walibaki palepale walipokuwa, na faili zao zikaendelea kusubiri foleni.

Jambo hili si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wenye ukaazi wa kudumu nchini Marekani hujiunga na majeshi ya huko, na mpango maalumu ulioanza mwaka 2008 kuandikisha wageni wenye lugha zinazohitajika, ambao uliacha kupokea watu mwaka 2016, ulikihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha hizo. Kwao hati ya kuachishwa ina makali ya ziada. Sheria ya uhamiaji humruhusu anayetumika kwa heshima wakati wa vita kuomba uraia upesi, bila kungoja miaka ambayo raia mtarajiwa wa kawaida hungoja, lakini aliyeupata kwa njia hiyo anaweza kunyang'anywa akiondolewa katika hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Mhamiaji anayeshauriwa kambini akubali kuondolewa haraka ili yaishe, anatia saini karatasi inayoweza kumfuata hadi kwenye pasipoti yake, na kabla ya kalamu kugusa karatasi anapaswa kuonana na wakili wa kijeshi, ambaye kila askari anayetishiwa na hadhi ya namna hiyo ana haki ya kumwona bila malipo.

Hata bodi ikikubali na tarakimu ikawa 1, hakuna anayerudishwa kazini kwa barua hiyo peke yake. Mwombaji hupimwa afya upya, hukaguliwa rekodi za uhalifu, na hutazamwa umri, ingawa miaka aliyokwisha kutumika kwa kawaida hupunguzwa katika hesabu, ili mwenye miaka 40 aliyetumika minane atazamwe kana kwamba ana 32. Anayeficha kwamba aliwahi kutumika, kwa matumaini kwamba kompyuta zimesahau, hufanya kosa la kujiandikisha kwa udanganyifu, ambalo ni la kushtakiwa mahakama ya kijeshi, na alama zake za vidole humuumbua siku ya kwanza. Kazi aliyoifanya zamani huenda haina nafasi, na cheo huweza kushuka ngazi moja au mbili. Wengi hushauriwa kuanzia Jeshi la Akiba au Walinzi wa Taifa, ambao hutumika kwa muda maalumu karibu na nyumbani, kisha waombe kuhamia utumishi wa kudumu wakiwa na rekodi mpya mkononi. Miaka ya zamani inaendelea kuhesabiwa kuelekea ile 20 inayotakiwa kwa pensheni. Miaka aliyokaa nje haihesabiwi, isipokuwa bodi iwe imeandika kwa maneno yake yenyewe kwamba hakupaswa kuondolewa hata siku moja.